Usiku wa kuamkia rejesho

Kila nikifungua simu nakutana na mtu ananiambia nivute pumzi. Vuta kwa pua, hesabu hadi nne, shikilia, toa taratibu kwa mdomo. Sina ugomvi na pumzi. Ukizitoa polepole, kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni ambao huuambia moyo upunguze mwendo, na moyo husikia. Haigharimu kitu na haina madhara. Ugomvi wangu ni na wale wanaoishia hapo. Wanamchukua mtu ambaye kodi ya nyumba imeisha, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mwenye duka kashaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni, halafu wanamwambia tatizo lake ni mtazamo.

Niliwahi kukaa kwenye semina ambako mzungumzaji, suti safi, kipaza sauti kimebanwa shavuni, alitangaza kwamba msongo wa mawazo ni uamuzi wa mtu. Ukumbi ukapiga makofi. Waliokuwa wanatugawia chai na sambusa walikuwa vibarua wa siku. Kesho yao inategemea kama msimamizi atawapigia simu au hatawapigia. Hao hawakupiga makofi, lakini pia hakuna aliyewauliza.

Hadithi ya kwamba msongo unakaa kichwani mwa mtu peke yake ina historia yake, na historia hiyo si safi sana. Mwaka 1936 Hans Selye, daktari aliyezaliwa Vienna na kuhamia Montreal, aliandika barua fupi kwenye jarida la Nature. Alikuwa anawadunga panya vitu mbalimbali akitafuta homoni mpya, akaona jambo la ajabu: hata adunge nini, panya walipata madhara yaleyale. Tezi za juu ya figo zilivimba, vidonda vikatokea tumboni, viungo vya kinga vikasinyaa. Akiwaweka kwenye baridi kali au akiwachosha kwa kazi, matokeo yakawa hayohayo. Akahitimisha kwamba mwili una namna moja ya kuitikia mateso ya kila aina. Tangu hapo dunia nzima ikaanza kuzungumzia msongo kama ugonjwa wa zama zetu.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba Selye huyohuyo baadaye alipokea fedha za kampuni za sigara. Mwaka 1969 alifika mbele ya kamati ya Bunge la Canada akasimama upande wa wapinzani wa masharti dhidi ya sigara. Kwa mwenye kiwanda cha tumbaku, habari kwamba moyo wako unaumia kwa sababu ya maisha yako ya haraka haraka ilikuwa neema tupu. Ndiyo maana nikisikia mtu anauza dawa ya msongo, swali langu la kwanza ni nani ananufaika nisipoangalia kinachousababisha.

Sasa mwili unafanya nini hasa? Ubongo ukihisi hatari, zile tezi za juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakimbia, damu inaelekea kwenye misuli, tumbo linaacha kusaga chakula. Baadaye kidogo inafuata kotisoli, ambayo huhakikisha sukari ipo ya kutosha kwenye damu na kusimamisha shughuli zisizo za lazima. Kwa mtu anayekimbizwa na mbwa huo ni mpango mzuri mno. Ndani ya dakika chache yuko juu ya ukuta, anatukana, anacheka, mwili unarudi kawaida. Shida ni kwamba mwili hauna mpango mwingine kwa ajili ya deni. Unatumia uleule wa mbwa, na deni linakaa miezi. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka Ohio, Marekani, uliowahusu wanawake wanaouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Walitobolewa kidonda kidogo mkononi, sawa kwa kila mmoja, na wakalinganishwa na wanawake wasio na mgonjwa nyumbani. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa wastani wa siku tisa. Kidonda ni kilekile, ngozi ni ileile, lakini mwili ulikuwa na kazi nyingine.

Huko Masai Mara, Kenya, nako, mtafiti Robert Sapolsky alianza kuwafuata nyani mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwachoma sindano ya usingizi na kuwapima damu. Kundi lilipokuwa limetulia, madume wa ngazi ya chini ndio waliokuwa na kotisoli nyingi. Nadhani tungeweza kubashiri. Dume wa chini anaweza kula majani yake kwa amani asubuhi nzima, kisha mkubwa aliyeshindwa ugomvi mahali pengine akaja kummalizia hasira yeye. Hakuna kosa alilofanya, na hajui zamu yake ni saa ngapi.

Hilo la kutojua saa ndilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu nimeliona kwa macho nyumbani kwa mama mdogo wangu, Mbagala, Dar es Salaam.

Mama mdogo anauza vitumbua, chapati na chai. Alikopa kwenye kikundi cha mikopo ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Jina hilo hawakulipata kwa bahati mbaya. Wanawake wanakusanywa pamoja, wanadhaminiana, afisa mikopo anakuja kila wiki kuchukua rejesho. Mmoja akikosa, wenzake wanachangishana palepale kumlipia, hakuna kunyanyuka mpaka hesabu itimie, na wakitoka hapo wanakwenda kwake. Wanabeba mtungi wa gesi, redio, godoro, chochote. Wanaobeba ni majirani zake, waliokula pilau kwenye harusi ya binti yake.

Siku ya rejesho kwao ni Alhamisi. Nililala kwake Jumatano moja kwa sababu ya mvua, na kama saa tisa usiku nikasikia sarafu zinagonga sakafu. Nikatoka. Alikuwa amekaa koridoni, tochi ya simu imeegemezwa kwenye ndoo, kanga imetandazwa, anahesabu. Mia mbili mbili upande mmoja, mia tano tano upande mwingine, noti za elfu mbili zilizolowa mafuta katikati.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mbona hujalala?"

"Wewe je?"

"Mimi nimezoea. Rudi ukalale."

Rejesho lilikuwa elfu thelathini na tano na mbele yake palikuwa na elfu ishirini na tisa. Alijua ni elfu ishirini na tisa. Alikwisha zihesabu kabla ya kulala, akazihesabu nilipotoka, na nikiwa nimesimama pale akazichanganya zote akaanza upya, kana kwamba zikihesabiwa vizuri zitaongezeka. Alfajiri alipokoroga unga wa vitumbua akatia chumvi badala ya sukari, ikabidi umwagwe, na kwenye hesabu ya siku hiyo unga uliomwagwa si kitu kidogo. Simu ikaita, akaigeuza kifudifudi. Ikaita tena, akaisukuma chini ya kiti. Kipindi hicho hakuwa anapokea namba asiyoifahamu, na hata alizozifahamu nyingine hakupokea. Baadaye tulikuja kujua aliyepiga alikuwa mama mmoja wa mtaa wa pili aliyetaka vitumbua vya arobaini ya mumewe. Oda hiyo ikaenda kwingine.

"Umekula?" nikamuuliza alipokuwa anajifunga kanga ya kutokea.

"Nikitoka kwenye rejesho nitakula."

Ukimtazama haraka utasema anaelemewa na elfu thelathini na tano. Lakini alikuwa amekwisha lipa kiasi hichohicho wiki nyingi. Kilichomla kilikuwa kwamba kila Jumatano usiku hakujua kama kesho yake atapita au atatolewa vyombo nje. Mvua ikinyesha, wateja hawatoki. Mgambo wakipita, meza inaingizwa ndani.

Kuna jaribio lililofanyika London ambalo linaieleza hali hiyo kuliko maelezo yangu. Mwaka 2016 watafiti waliwakalisha watu mbele ya kompyuta wacheze mchezo wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, inayouma kweli. Watafiti wakawa wanapima jasho na mboni za macho. Ungetegemea msongo uwe mkubwa zaidi pale mtu anapojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Haikuwa hivyo. Ulikuwa mkubwa zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua ataumia alikuwa ametulia kuliko yule ambaye huenda asiumie.

Ukikaa na matokeo hayo unaanza kuelewa kwa nini mtu anaweza kusema "bora nife nijue moja". Unaelewa pia kwa nini mfanyakazi anayengojea kusainishwa mkataba mpya anaumwa tumbo kuliko aliyekwisha fukuzwa, na kwa nini ndugu wa mgonjwa hulala usingizi wa kwanza wa maana siku majibu yanapotoka, hata yakiwa mabaya.

Na ile chumvi nayo ina maelezo yake. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya wakulima wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu, India, ambao hulipwa mara moja baada ya mavuno. Wakulima walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamekopa na kuweka vitu rehani, na wakapimwa tena fedha zikiwa mkononi. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ubongo ulikuwa umebeba hesabu za madeni, na nafasi iliyobaki kwa ajili ya mambo mengine ilikuwa finyu. Anayemtazama maskini akifanya kosa la hesabu na kusema ndiyo maana ni maskini, ameanza kusoma kitabu kutoka nyuma.

Basi watu wanafanyaje? Wanasaikolojia wawili, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliandika mwaka 1984 kwamba tunapambana na msongo kwa njia mbili: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kuushughulikia moyo unaoumizwa na tatizo. Watu wengi wanaonukuu wazo hilo wanatukuza ya kwanza na kuidharau ya pili, na mimi naona wanakosea. Inategemea kama kilichokukuta kinabadilika au hakibadiliki.

Chukua msiba. Hakuna cha kutatua pale. Aliyekufa harudi. Na tazama jinsi jamii zetu zilivyojua hilo tangu zamani. Watu wanakuja kulala kwako, wanakaa mkekani, hawakupi mpango wala mbinu. Mtu anasema pole, anakaa kimya nusu saa, anaondoka, anaingia mwingine. Kazi ya kupika unanyang'anywa, kazi ya kuchimba kaburi wanaichukua vijana. Halafu anatokea mtani. Nimeona mtani akiingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, akimsema marehemu kwa ubahili wake na kumdai soda ya mwaka juzi, na mjane aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu jana yake akacheka, kisha akalia kilio alichokuwa amekibana. Hakuna semina ya ofisini iliyokaribia hapo.

Lakini deni si msiba. Deni linabadilika, kwa hiyo kulitendea kama msiba ni hatari. Kutopokea simu ni kuutuliza moyo kwa muda, na ndiko kulikompotezea mama mdogo ile oda. Kukopa huku ili kulipa kule nako kunatuliza, mpaka Alhamisi inayofuata. Vijana wananunua utulivu kwa kubeti: mkeka wa shilingi mia tano unakupa jioni nzima ya kuamini kwamba kesho inaweza kuwa tofauti, na nadhani hicho ndicho wanachonunua hasa, ushindi ni ziada. Siwacheki. Bei ya matumaini ndiyo inanikera. Nazo zile programu za mikopo za kwenye simu zimekaa kwenye mfuko uleule, zinatoa mkopo ndani ya dakika mbili, halafu ukichelewa zinawatumia ujumbe wa aibu watu wote uliowahifadhi kwenye simu yako, mpaka mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Waliokuwa wamekwisha aibishwa hawakurudishiwa heshima yao.

Hapa ndipo inapoingia habari ninayoipenda kuliko zote. Kamukunji, Nairobi, kuna mafundi wa jua kali wanaofua mabati kutwa nzima: masanduku, majiko, makarai, kelele ambayo ukishaisikia huisahau. Watafiti waliwagawa mafundi hao kwa kura. Wengine wakakatiwa bima ya afya ya bure kwa mwaka mmoja, wengine wakapewa fedha taslimu za thamani hiyohiyo, wengine hawakupewa kitu. Baadaye waliulizwa juu ya msongo, na mate yao yakapimwa kotisoli. Waliokuwa na bima msongo wao ulipungua kwa maneno yao wenyewe na kwa kipimo cha mate pia. Waliopewa fedha taslimu hawakuonyesha nafuu hiyo.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudi juu kuhakikisha sijachanganya. Fedha unaweza kuifanyia lolote, hata kununulia bima, sasa kwa nini karatasi iwatulize kuliko noti? Jibu langu ni lile jiwe na nyoka. Noti inaongeza ulicho nacho leo. Bima inapunguza usichokijua kuhusu kesho. Fundi anayepiga bati akijua kwamba mtoto akiugua usiku hatalazimika kuuza nyundo, mwili wake unakuwa na kitu kimoja kidogo cha kulinda.

Na sisi tuna kitu cha namna hiyo mtaani, kinadharauliwa tu kwa sababu hakina nembo. Kwenye vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, mbali na hisa kuna mfuko wa jamii. Kila mwanachama anatia kiasi kidogo kila kikao, na mwenzao akipata msiba au akilazwa anapewa bila riba, kiasi ambacho kimeandikwa kwenye katiba ya kikundi. Ukitazama kwa mbali, kikoba na kausha damu vinafanana mno: wanawake walewale, viti vya plastiki vilevile, daftari lilelile. Kwenye kikoba fedha ni zao, na mtu akianguka, duara linajua la kufanya. Kwenye kausha damu duara hilohilo limegeuzwa kuwa askari.

Ndiyo, kuzungumza na mtu kunasaidia, sijasema hakusaidii. Harare, Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Watu wanaisimulia kama hadithi ya bibi na huruma zao. Lakini ukiangalia wanachofanya, bibi hasemi "usiwaze". Anamtaka mtu ataje matatizo yake yote, wanayaandika, wanachagua moja, wanapanga hatua ya kwanza ya wiki hiyo. Ni kugeuza lundo kuwa orodha. Kwa upande mwingine, kule Nakuru, Kenya, watafiti walilinganisha mazungumzo ya vikao vitano ya aina inayokaribiana na hiyo dhidi ya fedha taslimu, wakarudi baada ya mwaka. Waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya moyo. Waliopewa mazungumzo hawakuwa na tofauti inayopimika na wasiopewa kitu. Ni haki kusema kwamba wa Nakuru hawakuchaguliwa kwa kuwa wamezidiwa, na wa Harare walichaguliwa. Bado, mimi naliweka matokeo hayo mawili pamoja kila ninapoambiwa kwamba kila mtu anahitaji mshauri nasaha. Wengine wanahitaji mshauri nasaha. Aliyekosa usingizi wiki nyingi, haoni ladha ya chochote na anaanza kutamani asiamke, huyo asiambiwe habari za vikoba kwanza, apelekwe hospitali, na aachane na wanaosema akienda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ataitwa kichaa.

Mama mdogo hakuwa huko. Yeye alihitaji daftari. Tulikaa Jumapili moja yeye, mimi na binti yake, tukaandika kila anayedai: kikundi, programu ya simu, duka la unga, na dada mmoja wa msikitini aliyemkopesha elfu ishirini na ambaye mama mdogo alikuwa anapita njia ya nyuma ili asionane naye. Kabla ya kuandika alisema anadaiwa "kama milioni". Ilikuwa laki sita na kitu. Hakupata shilingi hata moja siku ile, na akala ugali wote.

Afisa mikopo alikataa kupunguza rejesho, kama tulivyotegemea. Mwenye duka la unga alikubali alipwe Jumamosi badala ya kila siku. Dada wa msikitini alishangaa kwamba alikuwa anakwepwa. Deni la programu lilimalizwa kwa mkopo wa kikoba, na Alhamisi bado zipo mpaka mzunguko wa kausha damu uishe. Kuhusu hospitali, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mama mdogo huniuliza kila redio ikiitaja kama sasa na wauza vitumbua wamo. Wakati anasubiri, kikoba chao kinabishana juu ya kupandisha mchango wa mfuko wa jamii kutoka mia tano hadi elfu moja kwa wiki, ili mwanachama akilazwa apate cha kutosha kulipia kitanda na dawa. Wenye biashara ndogo zaidi wanasema elfu ni nyingi, na wana haki ya kusema hivyo. Hoja imeahirishwa hadi kikao kijacho, na mama mdogo ameomba yeye ndiye asimame kuitetea.